Tanga la Zahoro

Sehemu ya tisa

Kaka yangu Zahoro aliondoka nyumbani kwangu Maili Moja siku ya Jumanne, mwezi wa nne, saa nne asubuhi. Alivaa kandambili za mke wake, kwa sababu viatu vyake nilikuwa nimevifua na vilikuwa bado vinachuruzika maji kwenye kamba. Alisema anakwenda kununua vocha. Viatu vilikauka siku hiyohiyo.

Msomaji anayeanza leo ajue hayo, na mengine mawili. Mwezi wa sita Wakodiwa, lile jeshi linalopigana kwa kukodiwa, walituletea sanduku lililopigiliwa misumari. Walisema ni Zahoro, tusifungue. Tukalizika Kibuta kama lilivyo. Wiki mbili zilizopita mvua ililitifua kaburi, na ndani ya sanduku tukakuta mifuko mitatu ya mchanga.

Wewe uliye nami tangu mwanzo unakumbuka tulipoachana. Nilikuwa nimejipenyeza kambini kwao Magindu, kwenye josho la zamani la ng'ombe, nikijifanya muuza maziwa. Askari arobaini walikuwa wamesimama mstari. Wa kumi na mbili kutoka kushoto alikuwa Zahoro. Nikaita jina lake, na panga likatua shingoni mwangu kwa nyuma.

"Weka ndoo chini," sauti ya mwanamke ikasema.

Nikaiweka.

"Umemwita nani?"

"Kaka yangu."

"Hapa hakuna kaka wa mtu."

"Nimemlilia siku tatu. Sasa namwona amesimama."

"Basi macho yako yana tatizo. Nitakusaidia kuyafumba."

Huyo alikuwa Marselina, msaidizi wa kamanda. Nilisikia akivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kukata kuni.

"Marselina," mtu akaita kutoka kivulini. "Subiri. Hayo maziwa nayataka yasiwe na damu."

Kamanda Telesphory alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anamenya muhogo mbichi kwa singe ya bunduki. Hakunitazama mpaka alipomaliza kumenya.

"Umetoka wapi?"

"Kibuta. Nashona nguo Maili Moja."

"Nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Nimekuja kumchukua Zahoro nikamzike."

"Unajua kama ni mzima au maiti?"

"Wewe ndiye uniambie."

"Alianguka darajani Dutumi, mwezi wa tano. Weupe walimpasua kutoka hapa mpaka hapa." Akachora hewani kwa singe, kutoka shingoni mpaka kitovuni. Kama hujawahi kuwaona Weupe, shukuru. Ni vile viumbe vya udongo vilivyotoka kwenye machimbo ya upande wa Pugu, havina macho na havichoki. "Tulimnyanyua kabla hajapoa. Sasa anasimama, anatembea, anapigana. Hali chakula, halali, hadai likizo. Ni askari mzuri kuliko alivyokuwa mzima."

"Mmemfanya msukule."

"Msukule analima shamba la mtu. Huyu ni askari. Tusivunjiane heshima."

"Heshima ipi? Mlisema mnailinda Dutumi, na mimi nimepita Dutumi leo. Ni majivu."

"Mwezi wa tano tuliilinda. Mwezi wa saba wenye Weupe wakatukodi, tukaichoma. Juzi watu wa Dutumi wametukodi tena." Akauma muhogo. "Kazi ni kazi. Lakini sijawahi kuvunja mkataba, hata mmoja. Marselina, msomee."

Marselina alitoa karatasi kwenye mkoba wake. Panga hakuliondoa. Alisoma kwa sauti ya mtu aliyesoma maneno hayo mara nyingi.

"Mimi Zahoro, nikianguka vitani, mwili wangu ni wa kwetu mpaka siku tanga langu litakapoanuliwa. Tangu siku hiyo ni wa kikosi."

Chini kulikuwa na alama ya dole gumba la kaka yangu.

"Ndiyo maana masanduku tunayawahisha," Telesphory akasema. "Watu wakishalia, wakala ubwabwa, wakaanua tanga, wameshamwachia. Kwenu lilianuliwa siku ya tatu. Tulikuwa na mtu wetu msibani kwenu. Alisema ubwabwa ulikuwa na chumvi nyingi."

Wakodiwa hawakumwiba Zahoro. Sisi ndio tuliowapa, kwa mikono yetu, siku tuliyoukunja mkeka na kuambiana kwamba msiba umekwisha.

"Umemaliza, afande?" Marselina akamuuliza kamanda wake.

"Nimemaliza. Mpeleke nyuma ya josho." Telesphory akatikisa kichwa. "Wazaramo mna haraka sana. Kwetu Sikonge mtu mzima kama huyu analiliwa mpaka majirani wahame."

Nilikuwa nimeshageuka. Nikasimama.

"Umesema wapi?"

"Sikonge."

"Wewe Mnyamwezi?"

"Kuna tatizo?"

Hapakuwa na tatizo. Nilirudi mpaka kwenye kiti chake, nikachukua muhogo mkononi mwake, nikauuma, nikautafuna mbele ya askari arobaini.

"Tangu lini mpagazi anakaa kwenye kiti na Mzaramo amesimama?" nikamwambia. "Inuka."

Nilisikia bunduki zikikokiwa mstari mzima. Marselina aliinua panga mpaka juu.

Telesphory alinitazama. Sikuona hasira yake wala sikuona kicheko. Kisha aliinuka taratibu, akanisogezea kiti.

"Shusha panga," akasema. "Huyu mtani."

"Afande, amekutukana mbele ya kikosi."

"Mtani hatukani. Anasalimia." Akanigeukia. "Kaa, mla nazi. Sema ulichotaka kusema, maana kukaa hakutakuokoa."

Nikakaa. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wapagazi wao waliopita kwetu na mizigo.

"Tanga letu alilianua mjomba wangu, Kibwana," nikasema. "Mzaramo kama mimi. Msibani kwetu hapakuwa na mtani hata mmoja. Wewe ni mtu mzima, unajua. Tanga ambalo mtani hakulishika halijaanuliwa. Limekunjwa tu."

Marselina alimtazama kamanda wake, na kamanda wake alikuwa anaitazama ile karatasi.

"Mjomba wako atasema hivyo mbele yangu?"

"Atasema."

Nilidanganya. Mjomba Kibwana, katika miaka yangu yote thelathini na minne, sijawahi kumsikia akisema amekosea. Aliwahi kumwoza binti yake kwa mtu asiyekuwa yule aliyeposa, akasema alikusudia.

"Vizuri," Telesphory akasema. "Marselina, lori liwashwe. Twende Kibuta. Mtani nimechelewa msibani, nikatoe pole."

Akatabasamu. Hapo ndipo nilipojua nimefungua mlango ambao sikujua unaingia wapi.

Tulipita Mlandizi. Tukapita Maili Moja, karibu kabisa na kibanda cha cherehani yangu, na fundi mwenzangu Stellamaris alikuwa mlangoni anapiga pasi. Nilikuwa nyuma ya lori chini ya turubai, Marselina kulia kwangu na panga lake mapajani. Mbele yangu, magoti kwa magoti, alikaa Zahoro.

Shingo yake ilikuwa imeshonwa kwa waya. Mshono mbaya. Mkononi mwangu ungefumuliwa.

"Zahoro."

"Afande," akajibu.

"Mimi Mwamini."

"Afande."

"Usijisumbue," Marselina akasema. "Tuliowanyanyua wana neno hilo moja tu. Ukimwuliza kama jua linawaka atakwambia afande."

Tukaanza kupanda vilima vya Kisarawe. Lori liliruka kwenye shimo, na goti langu likamgonga. Akayainua macho, akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, kama zamani alipokuwa anatafuta la kunichokoza nalo.

"Umenenepa," akasema.

Nililia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Marselina hakunikataza. Aligeuka akamtazama Zahoro, na tangu pale hadi Kibuta hakugeuza uso.

Tulifika saa nane mchana. Mjomba Kibwana alikuwa uwanjani anatia mpini kwenye jembe. Niliruka kabla lori halijasimama.

"Wifi," nikaita dirishani. "Wifi Zubeda, mkeka wa tanga uko wapi?"

Mke wa Zahoro alikuwa ndani, bado yuko katika eda. "Juu ya dari. Mjomba aliukunja."

"Ushushe. Nisukumie mlangoni, usitoke."

Hakuuliza kwa nini. Zubeda ni mtu wa kufanya kwanza. Mkeka ulitokea chini ya pazia, nikautandika uwanjani, nikaukalia. Telesphory ndiyo kwanza alikuwa anashuka.

"Hodi msibani," akasema kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. "Mnisamehe nimechelewa, nilikuwa nabeba mizigo. Amekufa mmoja tu? Nyumba ilivyonyamaza nilidhani wameondoka wote."

Majirani walianza kutoka. Walipoziona bunduki walisimama mbali, lakini Bi Mwanamvua, jirani yetu mzee, alicheka kwa bahati mbaya akajiziba mdomo kwa kanga.

"Marehemu mwenyewe nilikuwa namjua," Telesphory akaendelea. "Mchoyo wa sigara. Nimeshangaa kusikia analiliwa."

"Msiba gani?" Mjomba Kibwana alikuwa amesimama na jembe lake. "Hapa hakuna msiba. Tanga nimeanua mimi, mwezi wa sita, watu wote wameona. Nani ametandika mkeka uwanjani kwangu?"

Telesphory alinitazama. "Umemsikia mjomba wako."

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

"Marahaba. Kunja huo mkeka."

"Mjomba, tazama kwenye lori."

"Nimesema kunja. Kila siku wewe unaona mambo yako peke yako. Mara kaburi lina mchanga, mara sijui nini. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo huu. Nikisema tanga limeanuliwa, limeanuliwa."

"Anasema vizuri," Telesphory akasema. "Mzee, rudia maneno hayo ya mwisho, msaidizi wangu ayasikie."

Marselina alikuwa amewashusha askari, wamesimama kando ya lori. Zahoro alikuwa wa tatu. Mjomba alifungua mdomo arudie, na hapo ndipo macho yake yalipomfikia.

Jembe lilianguka. Mpini ulichomoka.

"Yule ni Zahoro."

"Ndiye, Mjomba. Ukisema tena kwamba ulianua tanga, wanaondoka naye kwa haki yao. Hatarudi na hatazikwa."

Mjomba Kibwana alimtazama Zahoro, kisha majirani, kisha mimi niliye chini kwenye mkeka. Nilijua anahesabu wangapi wanasikia. Nilijua pia kwamba akisema neno moja la kiburi, kaka yangu amekwenda.

"Nilimtafuta mtani," akasema. "Nilikwenda kwa yule Mnyamwezi muuza asali. Nikaambiwa amesafiri."

"Sikuulizi ulikwenda wapi, mzee," Telesphory akasema kwa upole. "Nakuuliza ulianua au hukuanua."

"Watu walikuwa wamechoka. Mchele ulikuwa umekwisha. Nikasema mimi ni mkubwa, natosha."

"Ulitosha?"

Bi Mwanamvua alikuwa anamtazama, na huyo ndiye mtu ambaye Mjomba hajawahi kukubali kushindwa mbele yake, tangu wakiwa watoto.

"Sikutosha," akasema. "Nilijipachika kazi isiyo yangu. Niliukunja tu."

Nilitaka kuinuka nimkumbatie. Bahati yangu nilichelewa, kwa sababu Telesphory aliinama palepale na kushika ncha ya mkeka.

"Asante, mzee, umenisaidia kuliko unavyojua," akasema. "Tanga halijaanuliwa kwa sababu mtani hakuwepo. Mtani ni mimi hapa. Mtani, inuka nianue."

Umeona alichokifanya. Tangu Magindu alikuwa amelipanga hili. Alinibeba kwenye lori lake, akanipa nafasi ya kushinda mbele ya watu, ili ushindi wangu uwe karatasi yake mpya, isiyo na kasoro.

"Inuka," Marselina akasema. Lakini hakulinyanyua panga.

Nilijilaza kifudifudi kwenye mkeka, nikaushika pande zote mbili kama mtoto anayekataa kuogeshwa. Nilikuwa natazama ukili wa mkeka, mshono kwa mshono, natafuta neno.

"Umekuja msibani mikono mitupu," nikasema.

"Unasemaje? Ongea, umekula mkeka."

"Nasema wewe mtani gani? Mtani anachimba kaburi kwanza."

"Kaburi lipo. Nimelipita njiani."

"Lile lina mchanga wako. Zahoro yuko pale, amesimama. Hajaoshwa, hajavishwa sanda, hajazikwa." Nikakaa, nikamtazama. "Tanga linaanuliwa kabla ya maziko wapi? Sikonge?"

"Labda kwao," Bi Mwanamvua akasema kutoka kwenye ua wake. "Hao si wanazikia mgongoni, kama mizigo."

Safari hii watu walicheka waziwazi, hata kijana mmoja wa kikosi, wa wale walio hai. Telesphory hakucheka. Aliachia ncha ya mkeka.

"Nikimzika, nimekosa askari," akasema.

"Usipomzika, hulianui."

"Naweza kuwaua wote hapa."

"Unaweza. Halafu aanue nani? Mkataba wako unasema tanga, hausemi risasi."

Aliniangalia kama anavyoniangalia mteja niliyemharibia kitambaa. Halafu akamwita mtu amletee kiti chake cha plastiki. Akakiweka hatua nne kutoka kwenye mkeka, akakaa.

"Mimi najua kungoja," akasema. "Nimewahi kuungoja mji miezi saba. Wewe una mgongo, una njaa, una cherehani Maili Moja. Utainuka. Mkeka wa tanga ukibaki bila mtu, hakuna msiba. Nitaukunja na kwenda zangu na askari wangu."

"Ngoja basi, mla asali."

"Nakungoja, mla nazi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Leo ni siku ya tisa. Mchana naukalia mimi. Jua likizama watu wanasogea mbali, namwachia wifi Zubeda nafasi, anajifunika, anakaa. Mjomba Kibwana anatuletea uji. Telesphory anakula kwetu, kwa sababu mtani hanyimwi chakula msibani, na kila mlo anausema vibaya. Zahoro amesimama kando ya lori siku zote tisa. Juani anaanza kutoa harufu. Nakuambia hili kwa sababu wewe umefuatana nami mpaka hapa, na sitaki udhani kungoja ni jambo jepesi kwake.

Asubuhi ya leo, wakati Telesphory ananawa mikono, Marselina alishuka kwenye lori. Aliliokota lile jembe la Mjomba, akaugonga mpini ukakaa, akapita katikati yetu. Alikwenda mpaka pembeni ya kaburi la mchanga, pale kando ya njia mbele ya uwanja. Akavua buti, akapima kwa hatua, akaanza kuchimba.

Telesphory aliacha maji yamwagike.

"Nani kakuagiza?"

"Hakuna, afande."

"Rudi kwenye lori."

"Mimi ni wa Nzega," Marselina akasema, bila kuinua kichwa. "Na mimi ni mtani wao. Si wewe peke yako."

"Nimekuamuru urudi."

"Mume wangu yuko kwenye ule mstari, afande. Wa tano. Huu mwaka wa tatu, kila siku namsemesha, ananiita afande. Mimi mkewe." Jembe likaingia, likatoka. "Zahoro alimwambia dada yake amenenepa. Kumbe wanatuona. Kumbe wamo humo ndani."

"Marselina."

"Huyu nitamzika. Nikimaliza nitamzika na wangu, na tanga lake nitamwomba huyu Mzaramo alianue."

Telesphory alirudi kwenye kiti chake. Alichomoa bastola, akaiweka pajani, mtutu wake umeelekea kaburini.

"Hilo kaburi likifika kifuani mwako," akamwambia, "nakupiga humohumo."

Marselina anachimba. Sasa hivi limemfika kiunoni.